Mtandao wa Redio Usiotegemea Mnara

Mtandao wa meshi ni mawasiliano ya redio ambamo kila kifaa hutuma ujumbe wake, hupokea wa wengine na kuwapitishia majirani usiokuwa wake. Hauna mnara, laini wala vocha. Mtu aliye Ipogolo, bondeni mwa Iringa, huandika ujumbe kwenye simu. Simu huupeleka kwa bluetooth kwenye kifaa kinachoenea kiganjani. Kifaa huurusha hewani. Kingine kilichowekwa juu, tuseme kwenye jiwe la Gangilonga, huudaka na kuurusha tena hadi umfikie mlengwa mjini. Sauti na picha hazipiti. Hupita maandishi yapatayo herufi 200, mahali kifaa kilipo, na vipimo kama joto na unyevu.

Kinachowezesha hayo ni LoRa, mbinu ya redio iliyobuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. LoRa hutoa kasi ili ipate umbali. Kila kipande cha ujumbe hurushwa kama mlio unaopanda masafa taratibu, na kipokezi huutambua hata ukiwa dhaifu kuliko makelele ya hewani. Kwa mpangilio wa kawaida hupita takribani biti 1,000 tu kwa sekunde, lakini kwa nguvu isiyofika robo ya wati ujumbe husafiri kilomita nyingi.

Afrika Mashariki LoRa si ngeni. Hifadhi ya Akagera nchini Rwanda ilifunga mtandao wake mwaka 2017 kufuatilia wanyama, magari na askari. Huko vifaa vyote huzungumza na vituo vikuu vichache. Katika meshi hakuna kituo kikuu, na programu inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni Meshtastic, ya bure na huria, iliyoanzishwa na Kevin Hester mwaka 2020.

Bodi na uunganishaji

Kifaa huanzia kwenye bodi ya majaribio yenye chipu mbili: moja ya kompyuta ndogo, nyingine ya redio ya LoRa. Bodi za Heltec na LilyGO nyingi hutumia chipu ya ESP32 ya kampuni ya Espressif ya China. Za RAK hutumia nRF52840 ya Nordic. Nje ya nchi huuzwa kati ya dola 20 na 35. Mengine hupatikana kwa mafundi simu, kama wale wa soko la Mwanjelwa jijini Mbeya: betri za duara aina ya 18650 zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato chakavu, waya, soketi na silikoni. Betri iliyoshuka chini ya volti 2.5 haifai kufufuliwa, kwani inaweza kuwaka moto.

Kazi yenyewe ina hatua tano. Kwanza hufungwa antena. Redio ikirusha bila antena, nguvu hurudi ndani na inaweza kuiunguza chipu. Pili, bodi huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB wenye uwezo wa kupitisha data, na programu huingizwa kupitia kivinjari. Tatu, huchaguliwa kanda ya masafa. Bila hilo kifaa hakitumi kitu. Nne, simu huunganishwa kwa bluetooth. Tano hufungwa betri, baada ya kuhakikisha kwa mita upande wa chanya na hasi. Waya mwekundu wa betri iliyonunuliwa kwingine si lazima uangukie upande wa chanya wa soketi ya bodi, na kosa hilo huua bodi papo hapo.

Antena inayokuja na bodi mara nyingi ni hafifu. Fundi anaweza kutengeneza iliyo bora kwa waya wa shaba wa nyumba. Kwa masafa ya 868 MHz, wimbi zima lina urefu wa sentimita 34.5, na robo yake ni kama 8.6. Kipande kimoja cha urefu huo husimamishwa kwenye pini ya katikati ya soketi, na vinne hulehemiwa kwenye ukingo wake vikiinama chini kwa nyuzi 45.

Mahali pa kukiweka

Nyanda za Juu Kusini, kimo hushinda bei ya kifaa. Mlima Loleza, nyuma ya jiji la Mbeya, una mita 2,656, na tambarare ya Usangu iko chini yake kwa mita kama 1,600. Kwa hesabu, upeo wa redio kutoka kimo hicho unapita kilomita 150, iwapo hakuna mlima unaokatiza. Kinyume chake, vifaa viwili vilivyotenganishwa na kilima kimoja tu huko Kilolo vinaweza kukosana kabisa. Majani mabichi nayo hufyonza mawimbi, kwa hiyo ndani ya misitu ya misonobari ya Sao Hill kifaa hupandishwa juu ya miti.

Kifaa cha kilimani huishi kwa sola, na hapo chipu huleta tofauti. Bodi ya ESP32 yenye bluetooth hula karibu miliampea 100, hivyo betri ya miliampea-saa 3,000 huisha kwa siku moja na ushei. Ya nRF52840 hula kama sehemu ya kumi ya hapo. Tukuyu, ambako mawingu hufunika jua kwa siku kadhaa, ya pili ndiyo inayofaa. Boksi huzibwa kwa silikoni, na waya huingilia chini ili maji yasifuate waya hadi ndani.

Jinsi ujumbe unavyopokezana

Kifaa kilichosikia ujumbe hakiurushi papo hapo. Husubiri kidogo, na kikisikia kingine kimeshaurusha, hunyamaza. Vilivyosikia kwa udhaifu, yaani vilivyo mbali, husubiri muda mfupi zaidi, ili ujumbe uruke hatua ndefu. Kawaida huruhusiwa mipokezano mitatu, na ukomo ni saba. Kwa hiyo meshi haifai kuunganisha Mbeya na Iringa, zilizoachana zaidi ya kilomita 250 kwa mstari ulionyooka. Hufaa kata, mashamba ya chai ya Mufindi na mabanda yake ya kukusanyia majani, au kundi la wapandaji wa mlima Rungwe.

Sheria na usiri

Bodi huuzwa kwa masafa ya 433, 868 au 915 MHz. Ile ya 915, iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, haifai Tanzania: hufanya kazi kati ya 902 na 928, wakati simu za mkononi hapa hutuma kati ya 880 na 915, na minara hujibu kati ya 925 na 960. Masafa na vifaa vya redio husimamiwa na mamlaka ya mawasiliano nchini, TCRA, yenye ofisi ya kanda Mbeya, na masharti huulizwa huko kabla ya kuagiza.

Ujumbe hufungwa kwa usimbaji wa AES, lakini ufunguo wa chaneli ya kuanzia unajulikana na kila mtumiaji wa Meshtastic duniani. Kikundi kinachotaka faragha hutengeneza chaneli yake yenye ufunguo mpya, kikagawiana kwa kuskani msimbo wa QR, na kuzima utangazaji wa mahali kwa vifaa visivyouhitaji.