Matatu ya Angani: Nauli Rahisi Ilivyopaa na Ilivyoanguka

Kila alfajiri, jua likiwa bado halijachomoza juu ya mabati ya Kiandutu, watu huanza kumiminika kuelekea mjini Thika. Wako waendao viwandani, wako waendao kwenye mashamba ya mananasi, na wako wanaoshika njia ya kituo cha magari ili wafike Ruiru au Nairobi kabla ya saa mbili. Mtaa huu, ambao jina lake kwa Kikuyu linakumbusha funza wanaotoboa vidole vya miguu, haujazoea anasa. Mkaaji wake akifika kituoni hashughuliki na rangi ya gari wala ulaini wa kiti. Neno lake la kwanza kwa manamba ni moja tu: "Ngapi?"

Jina lenyewe la matatu lilizaliwa na swali hilo. Hapo zamani nauli ilikuwa mapeni matatu, yaani senti thelathini, na jina likang'ang'ania hata baada ya senti zenyewe kupotea mifukoni. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba magari hayo yaruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalumu walizodaiwa wenye mabasi. Tangu siku hiyo mwananchi wa kawaida alipata gari lake. Halina chai wala magazeti. Unalipa, unaketi, unafikishwa.

Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni kwa nini ndege iendayo Ulaya au Marekani haiendeshwi kwa mtindo huo huo? Wako waliojaribu. Walipaa juu sana, wakapigiwa makofi na ulimwengu mzima, kisha wakaanguka kwa kishindo. Hadithi yao yafaa kusimuliwa hapa Thika, kwa sababu kiini chake ni nauli, na nauli ndiyo inayoamua nani atakwenda na nani atabaki.

WANAFUNZI WA MWAKA 1959

Sisi Wakenya tulilijua jambo hili mapema. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni walikuwako vijana wengi waliokwisha kupata nafasi katika vyuo vya Marekani, wengine hata na karo ya kusaidiwa. Kizuizi kilikuwa bahari. Tiketi ya ndege ilizidi mapato ya mkulima mdogo ya miaka kadhaa. Akili ilikuwepo, na chuo kilikuwepo, lakini nauli haikuwepo.

Ndipo Tom Mboya na wenzake, pamoja na marafiki wa Marekani, walipoamua kukodi ndege nzima. Hesabu yake ni ile ile ya matatu: ukilipia gari zima na kulijaza, sehemu ya kila mtu hupungua. Mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kuelekea New York. Nyumbani watu walichanga shilingi kwa shilingi, na kule Marekani watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi zao kuomba michango. Mwaka uliofuata mfuko wa ukoo wa Kennedy ulitoa dola 100,000. Hadi 1963, vijana karibu 800 kutoka sehemu hizi za Afrika walikuwa wamevuka kwa mpango huo. Mmoja wa waliokwenda mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hebu fikiria ni wangapi walioachwa nyuma kwa kuwa mchango wa kijiji chao haukutimia.

MWANA WA CANTERBURY

Mtu aliyetaka kuifanya nauli rahisi iwe ya kila siku, si ya msaada wala ya kukodi, alikuwa Mwingereza aitwaye Freddie Laker. Alizaliwa Canterbury mwaka 1922 katika nyumba isiyo na mali. Kazi yake ya kwanza katika kiwanda cha ndege ilikuwa ya kijana wa kutumwatumwa. Baada ya vita vikuu alinunua ndege kuukuu za kivita, na Warusi walipoufunga mji wa Berlin mwaka 1948, ndege hizo zikapata kazi ya kupeleka mizigo huko. Hapo ndipo alipopata mtaji wake. Mwaka 1966 alianzisha shirika lake mwenyewe, Laker Airways.

Mwaka 1971 aliomba leseni ya safari aliyoiita Skytrain, yaani treni ya angani, kati ya London na New York. Kusingekuwa na kuweka nafasi miezi kabla. Abiria angefika siku ile ile, akate tiketi kama anavyokata ya gari moshi, na aingie. Akitaka chakula, alipie. Asiyetaka, achukue mkate wake kutoka nyumbani.

Mashirika makubwa hayakucheka. Wakati ule nauli za kuvuka bahari zilipangwa kwa makubaliano yao wenyewe, na serikali zilitia muhuri. Laker alipewa leseni, kisha serikali ya Uingereza ikaibatilisha mwaka 1975. Akaenda mahakamani akashinda. Wamarekani nao wakachelewa, mpaka Rais Jimmy Carter alipotoa kibali. Miaka sita ilipotea katika makaratasi.

Hatimaye, tarehe 26 Septemba 1977, ndege ya kwanza ya Skytrain, aina ya DC-10, iliondoka uwanja wa Gatwick. Nauli ya kwenda ilikuwa paundi 59, chini ya nusu ya ile ya kawaida. Watu walipanga foleni, na wengine wakalala kwenye saruji ili wasikose kiti. Walikuwamo wanafunzi, mafundi, na wazee waliokuwa hawajapata kuwaona wajukuu wao waliozaliwa ng'ambo. Mwaka 1978 Malkia alimpa Laker heshima ya kuitwa Sir, na mwaka huo huo safari za Los Angeles zikaanza.

Mwaka huo wa 1977 sisi huku tulikuwa na msiba wetu. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kumilikiwa na nchi zetu kwa pamoja, lilivunjika kwa ugomvi wa fedha baina ya washiriki, na Kenya Airways ikaanza kuruka mwezi wa Februari. Shirika letu liliuawa na ndugu wasioelewana. La Laker lilikuja kuuawa na mambo mengine.

DENI LA DOLA

Pigo la kwanza halikuwa kosa lake. Mwezi wa Mei 1979 ndege ya DC-10 ya shirika jingine ilianguka Chicago, na mwezi uliofuata ndege za aina hiyo zikazuiwa kuruka Marekani kwa zaidi ya mwezi mmoja. Laker alitegemea ndege hizo, na huo ulikuwa msimu wa abiria wengi.

Pigo la pili alilitafuta mwenyewe. Kwa kuona foleni ndefu, aliagiza ndege nyingi mpya kwa mkopo mkubwa. Mkopo ulikuwa wa dola, ilhali sehemu kubwa ya mapato yake ilikuwa paundi. Mwishoni mwa 1980 paundi moja ilikuwa na thamani ya kama dola mbili na senti arobaini. Mwanzoni mwa 1982 ilikuwa imeshuka chini ya dola mbili. Deni likavimba bila yeye kukopa hata senti moja zaidi. Mfanyabiashara yeyote wa Thika aliyewahi kukopa kwa fedha ya kigeni, kisha shilingi ikaanguka, anaujua uchungu huo.

Pigo la tatu lilitoka kwa washindani. Mwishoni mwa 1981 Pan Am ilipunguza nauli yake hadi kulingana na ya Laker, na wengine wakafuata. Abiria naye ni binadamu. Ikiwa bei ni moja, kwa nini asichukue ndege yenye chakula na kiti cha hakika? Ni kama wenye mabasi makubwa wateremshe nauli yao mpaka iwe sawa na ya matatu, wakijua wana akiba ya kustahimili hasara, naye mwenye matatu hana.

Tarehe 5 Februari 1982 Laker Airways ilifungwa ikiwa na madeni ya zaidi ya paundi milioni 250. Maelfu ya abiria walijikuta na tiketi zisizo na ndege. Wafanyakazi waliamka bila kazi. Jambo la kushangaza ni kwamba watu wa kawaida walianza kumtumia Laker pesa zao, wakitaka kumwokoa. Tiny Rowland wa Lonrho, kampuni iliyokuwa na mali nyingi Afrika, Kenya ikiwemo, alijitokeza kumsaidia kuanza upya, lakini mpango huo haukuruka.

Mfilisi aliyashtaki mashirika makubwa Marekani kwa madai kwamba yalikula njama ya kumwangusha Laker. Mwaka 1985 yalikubali kulipa mamilioni ya dola ili kesi imalizwe nje ya mahakama. Laker alifariki mwaka 2006 bila kulirudisha shirika lake katika ukubwa ule.

MOMBASA NAYO

Usidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya Wazungu peke yao na ya bahari yao. Mwaka 1967 lilianzishwa hapa Kenya shirika la African Safari Airways. Lilikuwa na uhusiano na kampuni ya Waswisi iliyokuwa na hoteli katika pwani yetu. Ndege zake ziliwaleta watalii kutoka Ulaya moja kwa moja hadi Mombasa. Tiketi na chumba viliuzwa pamoja kwa bei ya kumfaa mtu wa mshahara wa kawaida wa huko. Shirika liliishi miaka arobaini hivi. Kisha zikaja ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watalii wakaogopa, na uchumi wa dunia ukayumba. Ndege zikaacha kuruka, na huko pwani walioumia ni wapishi, wafuaji wa nguo na wachonga vinyago.

Karibuni zaidi, shirika la Norwegian lilianza safari za mbali za bei rahisi mwaka 2013 kwa ndege mpya za Dreamliner. Tegemeo lake lilikuwa kwamba ndege za sasa hazili mafuta mengi. Lakini nalo lilikopa mno. Injini za Dreamliner zikaleta matatizo. Kisha ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka tarehe 10 Machi 2019 na kuua watu 157, wakiwemo Wakenya 32, na ndege za aina ile ya 737 MAX zikazuiwa duniani kote. Norwegian ilikuwa nazo pia. Korona ilipofika mwaka 2020, uchumi wake ulikuwa umekwisha kudhoofika, na Januari 2021 ilitangaza kuziacha safari za mbali kabisa.

HESABU YA MANAMBA

Kwa nini basi nauli rahisi hudumu katika safari fupi na hufa katika safari ndefu? Mwulize manamba wa Thika, atakueleza bila kalamu. Gari la Nairobi hupata faida kwa kuwa linarudi upesi na kubeba tena. Likienda tupu asubuhi, laweza kufidia jioni. Ndege za bei rahisi za safari fupi hufanya vivyo hivyo, huruka mara nyingi kwa siku moja. Jambojet yetu, iliyoanza mwaka 2014, hufuata mtindo huo hapa nchini.

Ndege ya kuvuka bahari haiwezi. Kwenda na kurudi kwake humaliza karibu siku nzima. Mafuta yake ni mengi, na hayapunguzwi kwa kumnyima abiria chai. Mashirika makubwa hufidia kwa matajiri wanaolipa sana kukaa mbele, kwa mizigo, na kwa abiria wanaounganisha safari. Mwenye nauli rahisi hana fidia hizo. Lazima ajaze kila kiti, kila siku, wakati wa baridi na wakati wa joto. Wiki chache za viti vitupu, pamoja na deni la benki, zinatosha kumzika.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema Laker alifanya kazi bure. Baada yake nauli za kuvuka bahari hazikurudi kamwe mikononi mwa wakubwa wachache. Virgin Atlantic ilianza mwaka 1984, na mwenyewe Richard Branson alikwenda kuomba shauri kwa Laker. Leo wako watoto wa Thika na Ruiru wanaosoma na kufanya kazi ng'ambo, waliofika huko bila kijiji kizima kuuza mbuzi kwa ajili ya tiketi. Wako pia wengi ambao bado wanasubiri mchango utimie, na ndugu waliokwenda miaka kumi iliyopita wakashindwa kurudi kumzika mzazi kwa sababu ya nauli.

Kwa hiyo akija mwingine kesho, akitangaza kwamba atakupeleka London au New York kwa nauli ya kumfaa mtu wa Kiandutu, usimcheke. Ila kabla hujatoa pesa zako, mwulize mambo mawili ambayo foleni ya Gatwick haikumwuliza Laker: ndege hizi ni zako au ni za benki, na deni lako ni la fedha gani?