Ndege ya Kale Ipakwe Rangi ya Siku Ipi?

Sehemu ya pili

Katika sehemu ya kwanza tuliziacha ndege nne aina ya Short, ambazo jeshi la wanamaji la Uingereza liliwaazima Wabelgiji, zikiwa zimefichwa kwenye maji tulivu ya Tongwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tuliona zilivyosafirishwa ndani ya makasha tangu Matadi, mara kwa reli, mara kwa mto, na jinsi tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walivyovuka ziwa na kuangusha mabomu Kigoma, shabaha yao ikiwa meli Graf von Götzen. Leo vita tunaviweka kando. Tuseme mtu mwenye fedha zake ameamua kuunda upya mojawapo ya ndege zile na kuiweka Kigoma, watu wa Murungu, Kibondo na Kasulu wateremke kuitazama. Ataipaka rangi gani?

Swali hili huwagombanisha watu wazima, wenye elimu zao na mvi zao, kila mahali ambako ndege za kivita za kale hufufuliwa. Wapo wanaodai kila kitu kiwe kama kilivyokuwa: kijani kilekile, upana uleule wa duara la taifa, hata maandishi ya onyo kando ya tangi la mafuta. Na wapo wenye mali, ambao husema: nimenunua mimi, mafuta natia mimi, nitaipaka nipendavyo, kama mwenye basi la Kibondo anavyoandika ubavuni jina la mama yake au la timu yake. Mimi naona pande zote mbili zinagombea kitu kidogo. Rangi halisi ilikuwa ipi ni kazi ya maabara. Kigumu ni kuchagua siku.

Tuanze na hilo la maabara, maana lina utamu wake. Picha za 1916 ni za nyeusi na nyeupe, na filamu nyingi za wakati ule hazikuiona kabisa rangi nyekundu. Ziliitikia mwanga wa buluu na kijani tu. Kwa hiyo buluu hutoka karibu na nyeupe, nyekundu hutoka karibu na nyeusi, na njano huelekea gizani. Sasa chukua alama ya Ubelgiji, duara la nyeusi, njano na nyekundu. Kwenye filamu ya namna hiyo linaweza kuonekana doa moja la giza. Duara la Uingereza, lenye buluu nje, nyeupe kati na nyekundu kwenye kiini, hubaki nukta nyeusi iliyozungukwa na weupe usio na mpaka. Mtafiti asiyejua tabia ya filamu anaweza kuapa kwamba ameona rangi ambayo haikuwapo, na akaiandikia kitabu.

Alama hizo hazikuwa pambo. Mwaka 1914 Waingereza walichora bendera yao chini ya mabawa, kisha wakatambua kwamba kwa mbali msalaba wake mwekundu unafanana na msalaba wa Wajerumani, na askari wao wenyewe walikuwa wanazifyatulia risasi ndege zao. Mwishoni mwa mwaka huo wakaiga duara la Wafaransa na kuupindua mpangilio wa rangi. Miaka 30 baadaye, siku chache kabla ya majeshi kutua Normandy mwezi Juni 1944, ndege za Washirika zilipigwa mistari mitano ya nyeupe na nyeusi kwenye mabawa na kiwiliwili, kwa sababu ileile ya kuogopa risasi za nyumbani. Kazi ilifanywa kwa haraka, mara nyingi kwa brashi, na mistari mingi ilipinda. Leo karakana za ukarabati huipiga mistari hiyo kwa utepe wa karatasi na spreyi, ikanyooka kuliko ilivyopata kunyooka vitani. Vipimo viko sawa na rangi ni zenyewe, lakini ile pupa ya watu waliokuwa wanangojea amri ya kuondoka imefutwa.

Na mwili wa ndege? Ndege za Vita vya Kwanza zilivikwa kitani juu ya kiunzi cha mbao. Kitani kilipakwa mchanganyiko wa selulosi ili kijikaze na kisipitishe maji. Jua nalo hula kitani, hivyo Waingereza wakaanza kutia rangi ndani ya mchanganyiko huo: PC10 yenye ukahawia unaoelekea kijani, na PC12 yenye wekundu wa oksidi ya chuma, iliyokusudiwa nchi za jua kali. Kwa maneno mengine rangi ilikuwa kinga kwanza, sura baadaye. PC10 inabishaniwa hadi leo, kwa sababu haikuchanganywa sawa kila mahali, na vanishi pamoja na umri viliibadilisha. Kipande cha kitani kilicholala kwenye droo kwa miaka 100 kinaonyesha rangi ya 1917 pamoja na miaka 100 ya droo. Anayekitumia kama kielelezo kamili anapaka uzee, hata kama ana mashine ya kupimia.

Tuje kwenye siku.

Katika kituo cha jeshi la anga cha Coningsby, Uingereza, kuna ndege ya kudondosha mabomu aina ya Lancaster yenye namba PA474. Duniani zimebaki mbili tu za aina hiyo zinazoruka. Ilijengwa karibu na Chester katikati ya mwaka 1945, ikikusudiwa kwenda kupigana na Japani, na vita vikaisha kabla haijadondosha bomu hata moja juu ya adui. Jeshi likaing'oa minara ya bunduki, likaifunga kamera, na kati ya 1948 na 1952 ikafanya kazi na Skwadroni ya 82 huku kwetu, Afrika ya Mashariki na ya Kusini, ikipiga picha za ardhi kwa ajili ya ramani. Herufi yake ilikuwa M. Idara ya upimaji wa makoloni, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilitumia picha za angani za namna hiyo kuchora karatasi za 1:50,000 ambazo mpima ardhi yeyote wa Tanzania amewahi kuzikunjua juu ya boneti ya gari. Hayo ndiyo maisha halisi ya PA474. Haikuwahi kushambulia Berlin. Ilikuwa ikitazama mito na vilima vya Afrika.

Sasa tazama ilivyovishwa. Tangu jeshi la anga liichukue tena miaka ya 1960, imevaa sura za wenzake waliopigana. Kwanza ilipewa herufi KM-B, za ndege ya John Nettleton, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeongoza shambulio la mchana juu ya Augsburg mwezi Aprili 1942. Baadaye ilipata sura nyingine, mojawapo ikiwa na mchoro wa Phantom of the Ruhr, na tangu 2017 ubavu wa kushoto unaonyesha ndege moja na wa kulia unaonyesha nyingine. Kila mara kazi imefanywa kwa utafiti mkubwa. Ukipima herufi, ziko sawa. Ukipima nyeusi ya tumboni, iko sawa. Kisichokuwa sawa ni kwamba ndege yote ni ya mtu mwingine.

Sisemi kwamba ni udanganyifu. Watu zaidi ya 55,000 wa kikosi cha mabomu cha Uingereza walikufa katika vita vile, wengi wao hawajafika miaka 25, na jamaa zao wana haki ya kuinua macho wakaona kitu. Lancaster ya pili inayoruka, iliyopo Hamilton nchini Kanada, imepakwa herufi za ndege ya Andrew Mynarski, aliyekufa kwa majeraha ya moto mwezi Juni 1944 baada ya kujaribu kumnasua mwenzake aliyekwama mkiani. Siwezi kumwambia Mkanada afute herufi zile. Lakini katika zamu zote za miaka zaidi ya 50, zamu ya M, ndege ya kamera na ramani, haijafika. Mwenye fedha akipaka ndege kwa kupenda kwake, kila mtu hujua kwamba ni kupenda kwake. Taifa likifanya vivyo hivyo, huitwa historia.

Zipo njia nyingine. Jumba la makumbusho la anga la Smithsonian, Marekani, lilipokuwa linaikarabati ndege ya Kijerumani Focke-Wulf 190, mafundi waliteremka kwa msasa taratibu, mkono mmoja wa rangi baada ya mwingine, wakakuta alama za vipindi tofauti zilizofunikana. Ndege ilianza kama mpiganaji wa angani, ikajengwa upya iwe ya kushambulia ardhini. Wakachagua sura mojawapo kati ya zile ilizowahi kuvaa yenyewe, ya mwaka 1944, wakairudishia. Huo nao ni uchaguzi, na mtu angeweza kuchagua tabaka la chini zaidi. Ila walichagua ndani ya maisha ya chombo kilekile. Mimi niko upande huo. Chombo kisicho na wasifu wake, kilichokusanywa kutoka mabaki ya vitano, kipakwe apendavyo mwenyewe. Chenye wasifu kiulizwe kwanza.

Kuhusu mng'aro sina ugomvi na wenye ndege. Rangi ya vita ilikuwa ya kufifia ili isiakisi jua. Rangi hiyo hushika oili na vumbi na ni kazi kubwa kuisafisha. Rangi za kisasa zinazong'aa husafishika kwa kitambaa na huzuia kutu. Kwa anayerusha ndege ya miaka 80 na kubeba watu ndani yake, usalama wa bati ni mbele ya picha.

Turudi ziwani, maana ndege za Short hazikubaki lakini shabaha yao ingalipo. Graf von Götzen ndiyo Liemba. Nayo inatupa fumbo ambalo Lancaster haina. Mzinga wake mkubwa wa milimita 105 ulitoka kwenye manowari Königsberg iliyofia Rufiji. Katika miezi ya mwisho Wajerumani waliung'oa wakaupeleka vita vya nchi kavu, na mahali pake wakaweka mzinga wa mbao. Basi mpenda usahihi anayetaka kuirudisha meli hiyo katika hali ya Julai 1916 itambidi amtafute seremala. Akiweka chuma, atakuwa amekosea kwa kutengeneza kitu cha kweli.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi ya kutosha, na Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mvuke ukatolewa, dizeli ikaingia. Mwaka 1997 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliitumia kurudisha Wakongo zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira. Mei 2015 ilikwenda Kagunga, ambako makumi ya maelfu ya wakimbizi Warundi walikuwa wamebanwa kati ya mlima na maji huku kipindupindu kikiwaua. Hapakuwa na gati. Watu walipelekwa melini kwa mitumbwi na maboti, takriban 600 kwa safari, wakateremshwa Kigoma, wakalala uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapandisha hadi kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Nyarugusu ilipofurika, kambi ya Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena mwaka huohuo.

Liemba imewekwa katika mpango wa ukarabati mkubwa, na ubishi wa rangi utakuja, kama haujaanza. Kutakuwa na sauti kutoka Ulaya zitakazopenda meli ya Kaisari, na kusema kweli watalii watailipia. Miezi yake ya vita haikufika 18. Miaka ya Liemba inakaribia 100. Wajerumani wapewe chumba ndani ya meli, chenye ramani, picha za kiwanda cha Papenburg kilichoijenga na mzinga wa mbao kama wanautaka. Bodi ipakwe kama ilivyokuwa Mei 2015, na ubao mlangoni utaje mwaka huo ili asiwepo wa kudhani kwamba ndiyo sura ya tangu mwanzo. Picha za rangi za siku zile zipo, zilipigwa na waandishi wa habari na kwa simu za kawaida, na hazina fumbo la filamu ya 1916. Waliosimama kwenye sitaha ile wapo hai. Fundi rangi akiwa na shaka, anaweza kuwauliza.