Tovuti ya Chama na Nyayo za Mgeni

Chama cha msingi chenye tovuti, kiwe Izigo au kwingineko, kifahamu kwamba mgeni aifunguaye huacha nyayo. Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyaweka katika simu ili iitambue irudipo. Kinachohifadhi lugha iliyochaguliwa hakina neno. Kinachofuatilia kurasa zisomwazo ndicho chenye mashaka. Mkulima anayerudia ukurasa wa mikopo ameonyesha shida yake, nayo ndiyo habari aitafutayo mnunuzi wa butura. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka mtu aelezwe kusudi la kukusanya taarifa zake. Basi ridhaa itangulie, na kitufe cha kukataa kionekane sawa na cha kukubali. Kuhesabu wageni tu kwawezekana bila kidakuzi. Fundi akikana, aulizwe takwimu hizo humwendea nani.