Silaha za Msaada na Kumbukumbu ya Magazeti ya Uturuki

Tarehe 13 Januari 1966 gazeti la Hürriyet lilichapisha barua ambayo kwa mwaka mmoja na nusu wananchi wa Uturuki walikuwa wakiisikia kwa tetesi tu. Aliyeipata ni mwandishi wa habari Cüneyt Arcayürek. Iliandikwa Juni 5, 1964 na Rais Lyndon Johnson wa Marekani kwenda kwa Waziri Mkuu İsmet İnönü, wakati Uturuki ilipokuwa ikijiandaa kupeleka majeshi Kupro kwa ajili ya Waturuki wa kisiwa hicho. Lugha yake ilikuwa kali. Johnson alisema Marekani haikubali silaha ilizoipa Uturuki zitumike katika operesheni hiyo. Aliongeza kwamba hatua hiyo ikisababisha Umoja wa Kisovieti kuingilia kati, nchi za NATO zilikuwa hazijafikiria kama zingewajibika kuitetea Uturuki.

Msomaji anayetaka kuelewa maoni ya magazeti ya Uturuki kuhusu Marekani aanzie hapo. Wengi wetu huyasoma maoni hayo na kuona chuki tu, au ukosefu wa shukrani wa nchi iliyofadhiliwa miaka mingi. Mimi naona jambo jingine: kumbukumbu ya masharti.

Johnson hakuwa amebuni katazo lake. Machi 12, 1947 Rais Harry Truman aliliomba Bunge la Marekani dola milioni 400 za kuzisaidia Ugiriki na Uturuki dhidi ya shinikizo la Moscow, na milioni 100 kati ya hizo zilikuwa za Uturuki. Mkataba wa msaada ulitiwa saini Ankara Julai 12 mwaka huohuo. Kifungu chake cha nne kilisema msaada hautatumika kwa kusudi lisilokuwa lile uliotolewa kwalo, mpaka Marekani iridhie. Kifungu hichohicho ndicho Johnson alichokinukuu miaka 17 baadaye.

Je, magazeti yalikuwa wapi mwaka 1947? Yalikuwa yakishangilia. Mwaka mmoja nyuma, Aprili 1946, manowari ya Marekani iitwayo Missouri ilikuwa imeuleta Istanbul mwili wa balozi Münir Ertegün, na mapokezi yake yakawa sherehe ya mji mzima. Sauti za kuhoji zilikuwa zimeanza kuzimwa. Gazeti la Tan, la Zekeriya na Sabiha Sertel, lilivamiwa na umati Desemba 4, 1945, mitambo yake ikavunjwavunjwa. Mwandishi Aziz Nesin alifungwa kwa sababu ya kijitabu ambamo aliukosoa msaada huo. Linaloniuma zaidi ni kwamba mkataba wenyewe uliwapa waandishi wa Marekani haki ya kufuatilia bila kizuizi jinsi msaada unavyotumika na kuripoti kwa ukamilifu. Mlipakodi wa Marekani alihakikishiwa atajua. Mturuki, ambaye nchi yake ndiyo iliyokuwa ikijifunga, aliyajua makali ya kifungu cha nne yalipomkata.

Kifungu cha namna hiyo hakihitaji askari wa kukisimamia. Nchi ikipokea ndege za kivita, inapokea pia uhitaji wa vipuri, risasi, mafunzo na mafundi, na vyote hutoka kwa aliyetoa ndege. Anayelima kwa jembe la kuazima hulima siku aliyoruhusiwa na mwenye jembe. Mkopo wa kijeshi nao mara nyingi hutolewa ili ununue kwa mkopeshaji, kwa hiyo deni na utegemezi huingia nchini kwa mlango mmoja.

Uturuki ililionja hilo baada ya kuvamia Kupro Julai 1974. Februari 5, 1975 Bunge la Marekani liliiwekea marufuku ya silaha. Julai Ankara ikajibu kwa kushika usimamizi wa vituo vya Marekani nchini, ila İncirlik, karibu na mji wa Adana, iliachiwa majukumu ya NATO. Marufuku yaliondolewa mwaka 1978. Katika mwaka yalipoanza marufuku hayo ndipo ilipoundwa ASELSAN, kampuni ya vifaa vya elektroniki vya kijeshi. Kila safu inayosifu leo ndege zisizo na rubani zilizoundwa na Waturuki inaurudia mwaka 1975, hata pale mwandishi asipoutaja.

Ila hakuna mwaka unaofundisha kama 2003. Marekani ilitaka kuishambulia Iraq pia kutoka kaskazini, na ombi lililofika bungeni Ankara lilihusu kuruhusu hadi askari 62,000 wa kigeni katika ardhi ya Uturuki. Mezani palikuwa na ruzuku ya dola bilioni 6, ambayo ingeweza kugeuzwa mikopo ya hadi bilioni 24. Kwa nchi iliyoangushwa na mgogoro wa benki wa 2001 na ikategemea Shirika la Fedha la Kimataifa, hizo hazikuwa fedha za kuzipuuza. Waandishi wa uchumi walionya juu ya soko la hisa na riba. Waandishi wengine waliuliza jirani Mwislamu anauzwa kwa bei gani. Cumhuriyet, gazeti la wafuasi wa Atatürk, mwasisi wa jamhuri, na Yeni Şafak, gazeti la Waislamu wahafidhina, mahasimu wa miaka mingi, walijikuta upande mmoja wakiipinga vita. Kule Marekani vibonzo vilimchora Mturuki kama mchuuzi wa sokoni anayepandisha bei. Tusi hilo lilifika Istanbul na halikusahaulika.

Machi 1 wabunge 264 walisema ndiyo, 250 hapana, na 19 hawakuegemea upande wowote. Kwa dakika chache ilidhaniwa hoja imepita. Kumbe zilihitajika kura 267, yaani zaidi ya nusu ya waliohudhuria, na hoja ikaanguka. Julai 4 askari wa Marekani waliwakamata askari 11 wa Uturuki huko Sulaymaniyah, kaskazini mwa Iraq, na kuwafunika vichwa kwa mifuko. Hakuna habari iliyowaunganisha wahariri wa Uturuki kwa hasira kama hiyo. Septemba ikatiwa saini mikopo ya dola bilioni 8.5, kwa sharti la kushirikiana na Marekani kuhusu Iraq. Uturuki haikuchukua hata dola moja.

Ya karibuni yanajulikana zaidi. Agosti 10, 2018, katika ugomvi juu ya kasisi Andrew Brunson aliyekuwa kizuizini Uturuki, Rais Trump alitangaza kupandisha maradufu ushuru wa chuma na alumini kutoka nchi hiyo, na lira ikaporomoka siku hiyohiyo. Julai 2019 mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 ilipowasili kutoka Urusi, Marekani iliiondoa Uturuki katika mradi wa ndege za F-35, ikihofia siri za ndege hiyo kuvuja kupitia rada za Kirusi. Uturuki ilikuwa imeshalipa dola bilioni 1.4, na viwanda vyake vilikuwa vikitengeneza vipuri vya ndege hiyohiyo.

Katika hili Sabah, linaloiunga mkono serikali, na Sözcü, linaloipinga, hulaumu Washington kwa maneno yanayokaribiana, sawa na yalivyofanya juu ya silaha ambazo Marekani iliwapa wapiganaji wa Kikurdi wa Syria. Nadhani lawama hiyo ina msingi. Lakini maoni hayajakamilika mpaka mwandishi aihoji na serikali yake: nani alipima hasara kabla ya kununua S-400, mitambo isiyoweza kuunganishwa na mfumo wa ulinzi wa NATO? Maswali ya namna hiyo yamekuwa adimu katika magazeti makubwa. Mwaka 2018 Hürriyet lenyewe, pamoja na vyombo vingine vya familia ya Doğan, liliuzwa kwa kundi la Demirören lililo karibu na serikali. Mwandishi anayejua mwenye gazeti anamtegemea nani huchagua kumgombeza mgeni, kwa sababu mgeni hawezi kumfukuza kazi.

Nayaandika haya kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kwa sababu Uturuki ya leo imehamia upande wa mtoaji. Tangu 2017 ina kituo cha mafunzo ya kijeshi Mogadishu, na Februari 2024 ilisaini na Somalia mkataba wa miaka 10 wa ulinzi, pamoja na ulinzi wa bahari. Ndege zake zisizo na rubani zimeshapigana Ethiopia. Silaha hizi nazo zina vipuri, mafundi na masharti. Wahariri wetu wadai kuiona mikataba ya namna hii kifungu kwa kifungu kabla haijasainiwa, na wabunge wetu wasiipigie kura kabla ya kusoma palipoandikwa silaha hizo zisitumike wapi, na ruhusa ni ya nani.