Mabingwa Watano wa Kufyonza Vumbi

Hakimu wa kweli wa mashine ya kufyonza vumbi ni yule anayeiinamisha chini ya kitanda na kuipandisha ngazi. Hizi hapa tano zilizotia fora, kila moja kwa jambo lake, pamoja na funzo ililotuachia.

Kubwa kuliko zote
Mwaka 1901, mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alitandika leso kitini, akaifyonza kwa kinywa chake, na leso ikanasa vumbi jeusi. Kutokana na jaribio hilo akaunda mashine ya injini ya petroli, iliyokokotwa na farasi katika mitaa ya London. Ilibaki barabarani huku mipira yake mirefu ikipitishwa madirishani. Wazo lilikuwa sahihi, ila umbo halikufaa nyumba ya mtu wa kawaida.

Iliyotokana na kikohozi
James Murray Spangler alifanya usafi dukani huko Canton, Ohio, naye alikuwa na pumu. Akaunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya, akaweka na brashi ya kuzunguka. Alipata hataza mwaka 1908 na kumuuzia William Hoover. Hapo ndipo mtu mmoja alipoweza kuisukuma mwenyewe, brashi ikikung'uta zulia huku hewa ikivuta.

Iliyojaribiwa mara nyingi zaidi
James Dyson alichoshwa na mfuko unaoziba na kupunguza mvuto. Alitengeneza sampuli 5,127 kabla ya kuridhika. Katika mashine yake hewa huzunguka kwa kasi kama kimbunga, vumbi likatupwa pembeni na kuangukia koponi. Mfuko haupo tena, lakini anayemwaga kopo hilo ndani ya nyumba hulivuta tena puani vumbi lilelile.

Rahisi zaidi kuitunza
Henry, mashine ya kampuni ya Numatic, Uingereza, ana uso unaotabasamu, na mpira hutokea puani. Waya wake hukunjwa kwa kuzungusha kishikio kwa mkono, kwa hiyo hakuna springi ya kukatika. Fungua vibano, inua kifuniko, toa mfuko na vumbi lake ndani. Kwangu mimi, huyu ndiye bingwa wa mabingwa.

Iliyosifiwa bure
Hii ni mashine ya wati nyingi, wala si ya kampuni moja. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 mwaka 2014, kisha 900 mwaka 2017. Wati hupima umeme unaoliwa, hazipimi uchafu unaotoka. Hewa ikivuja kwenye maungio, au mdomo wa mashine usipogusa sakafu vizuri, mota kubwa haina la kusaidia.

Kwa hiyo, ukienda dukani, ipindue mashine kabla hujalipa. Tazama kama brashi inachomoka bila bisibisi, maana nywele na nyuzi za zulia zitajizonga humo mpaka ikwame. Inyanyue kwa mkono mmoja. Fungua panapokaa vumbi, kisha uliza chujio la akiba linauzwa wapi na kwa bei gani. Mashine nzuri hufyonza vumbi na pia hukubali kusafishwa. Isiyokubali, iache hapohapo dukani.