Miwani Iliyompeleka Ami Makka

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kuze, lakini riziki ilinivuta bara, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa nikiuza vipuri vya magari mjini Kericho. Waujuao mji huu watakwambia: asubuhi jua, alasiri mvua, na mara nyingi mvua yenyewe huja na mawe. Ikifika saa tisa dukani hapana mtu. Ni katika saa hizo za uvivu ndipo ilipoingia nyumbani mwangu ile miwani.

Aliileta mpwa wangu afanyaye kazi Dubai. "Mjomba," akaniambia, "hii ndiyo inayoitwa uhalisia pepe. Vaa uone." Kwa umbo ni kama miwani ya mchomeleaji vyuma, ila imefunikwa pande zote, na uzito wake wapata nusu kilo. Ndani kila jicho lina picha yake, na ubongo huziunganisha mbili hizo ukapata kina na umbali. Hilo si jambo la juzi. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza tangu mwaka 1838. Na mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza chombo cha kuvaa kichwani kilichoning'inia kutoka darini. Hii ya leo haining'inii popote. Ina kamera ndogo na vipima-mwendo, hata ukigeuka nyuma na dunia ile hugeuka nawe.

Basi nikavaa, nikajikuta chini ya bahari.

Msomaji, sikutarajia yaliyonipata. Mtu wa pwani aliyezoea maji chumvi, aliyekaa miaka milimani akiona majani ya chai tu, mara anazungukwa na samaki! Kasa alinipita ubavuni. Nikanyoosha mkono kumgusa, nikapiga hatua moja, nikaiangusha birika na vikombe vyake. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, lakini baada ya robo saa nilikuwa nimelala kitini kichwa kikizunguka kama msafiri wa jahazi mwezi wa Kusi. Sababu yake ni kwamba macho huuambia mwili kuwa unakwenda, na sikio la ndani, ambalo ndilo lenye mizani ya mwili, lasema umekaa. Wakikosana mashahidi hao wawili, tumbo ndilo hulipa faini.

Habari ikaenea mtaani. Akaja jirani yetu, mama wa Kikipsigis kutoka Bomet, aliyechuma chai tangu usichana wake. Tulimpandisha kigari kile cha michezo kinachoteremka milima kwa kasi, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Alipoivua aliishika mikononi akaigeuzageuza, kisha akauliza: "Na hii nayo itakuja kuchuma chai?" Hatukumcheka. Mwezi Mei 2023 vijana walichoma mitambo ya kuchumia majani katika mashamba ya Kericho, kwa kuwa mtambo mmoja huchukua kazi ya watu wengi, na mama huyu alikuwa miongoni mwa walioachishwa. Mtu aliyepoteza kazi kwa mtambo hatazami mtambo mwingine kwa macho yetu.

Sasa nije kwa Ami.

Ami ni ndugu mdogo wa marehemu babangu, amevuka miaka themanini. Alikuja Kericho kabla yangu, akiendesha malori yaliyoshusha chai Mombasa kwenye mnada, ambao uko huko tangu mwaka 1969. Maisha yake yote amekuwa na haja moja: kuhiji. Kila alipokusanya fedha lilitokea jambo, mara ada za watoto, mara maziko, mara paa la nyumba. Mwaka huu fedha zimetimia, lakini magoti yamekataa. Wanawe wakaniita pembeni wakaniambia, "Tunaogopa atatufia huko. Sisi tumesikia una miwani ya kuonyesha Makka. Mwonyeshe, moyo wake utulie, na zile fedha tumtengenezee nyumba."

Nami nikakubali. Naliandika hili kwa haya kidogo, kwani wakati ule niliona ni huruma.

Programu za namna hiyo zipo, na mwaka 2021 Saudi Arabia yenyewe ilizindua mpango wa kumwezesha mtu kuliona Jiwe Jeusi kwa miwani hizi. Mwaka uliofuata idara ya dini ya Uturuki ikatamka kwamba mtu aweza kutazama, lakini hiyo si hija. Ami hakuwa na habari ya yote hayo. Alitia udhu, akakaa kwenye jamvi, nikamvisha.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha midomo yake ikaanza kutikisika, akileta talbiya kwa sauti ya chini, na machozi yakapenya chini ya ile mpira ya miwani. Wanawe wakatazamana wameridhika. Mimi pia, nasema kweli, koo lilinikaza.

Siku ya pili akaitaka tena, na ya tatu. Chaji yake hudumu saa mbili tatu tu, na umeme wa kwetu hukatika mvua ikianza, basi akawa anakaa akingoja kama mtu angojaye meli. Wiki ya pili niliona alama nyekundu mashavuni mwake, na sala ya alasiri ilikuwa inachelewa. Hapo ndipo nilipotishika.

Jioni moja akaivua mwenyewe, akaiweka juu ya meza taratibu.

"Mwanangu," akasema, "watu wote wale wanazunguka, na hakuna hata mmoja aliyenikanyaga mguu."

Nikamwambia ni picha, Ami.

"Najua ni picha. Mimi si mtoto. Lakini nimekaa siku kumi na mbili pale, sikutoka jasho, sikuona kiu, hapana aliyenisalimia. Nikaona, wanangu wamenipa kitu cha kuniliwaza kama apewavyo mtoto mchanga kidole anyonye. Nani aliyewapa shauri hili?"

Sikuwa na la kujibu. Nilikumbuka yale malori yake. Siku hizi hata kule mnadani Mombasa chai hununuliwa kwa kompyuta, lakini mwonjaji hana budi kusimama mbele ya vibakuli vyeupe, avute kijiko kwa mdomo, ateme, ndipo aseme bei. Ami alikuwa amezijua chai hizo maisha yake yote.

Nilikwenda kwa wanawe nikawaambia nimekosea, na kwamba mzee apelekwe kwa daktari wa mifupa kabla hatujamhukumu. Walinikasirikia, mmoja wao hadi leo hanisalimii vizuri. Daktari akasema magoti ni mabovu, ila kuna viti vya magurudumu, na kutembea kidogo kidogo kutamfaa.

Sasa kila baada ya sala ya alfajiri, umande haujakauka, humwona Ami na bakora yake kwenye njia ya katikati ya mashamba ya chai. Mwezi uliopita alifika hadi kwenye mkaratusi wa kwanza. Juzi aliufikia wa tatu, akarudi peke yake.