Je, Wajua? Kompyuta Ikiita Kutoka Kigoma

Kompyuta mpya inaweza kuwekewa mfumo endeshi bila flashi wala CD. Ikiwashwa, huita kwenye mtandao kwa njia iitwayo PXE: nipeni anwani, na faili la kuanzia liko wapi? Husubiri jibu sekunde 4. Likikosekana huita tena na kusubiri 8, kisha 16, mwisho 32. Dakika hiyo moja ikiisha, basi.

Zikiwapo seva mbili za kujibu, fundi huiagiza ile ya akiba ichelewe kujibu kwa sekunde chache, ili ya kwanza, kama iko hai, iwahi. (Kompyuta isipojibiwa, wengi huhangaika na mpangilio huu kumbe tatizo ni swichi ya mtandao, ambayo yaweza kuzuia njia sekunde 30 ikikagua kama nyaya zimefanya mzunguko.)

Sasa tuseme kompyuta iko Ujiji, Kigoma, na seva iko Dar es Salaam, takriban kilomita 1,250 kwa njia ya reli. Mwanga ndani ya faiba huenda na kurudi kwa milisekunde 12 na ushei. Ni kufumba na kufumbua, ila TFTP, itifaki inayobeba faili hilo la kuanzia, kwa kawaida hutuma kipande cha baiti 512 na kungoja kiitikiwe ndipo itume kingine. Faili la megabaiti 300 lina vipande karibu 586,000: saa mbili za kungoja tu! Tangu 1995 vipande vikubwa vinaruhusiwa. Vya baiti 1,456 hushusha muda hadi dakika 43 hivi. Seva ikiwekwa Kigoma penyewe, ni dakika chache, hata kwa vipande vya 512.